Jiko Jekundu la Bi Rangi

Mama mkwe aliposema kwa siku ya tatu kwamba ameshiba, Bi Rangi aliweka mwiko chini, akaenda chumbani, akajifungia na kulia kimya kimya kama dakika mbili hivi. Kisha akanawa uso na kurudi mezani na tabasamu la kubandika.

Jina la Bi Rangi alipewa kazini. Aliuza rangi za nyumba, na dukani pale hakuna aliyemfikia kwa kuchanganya. Mteja akija na kipande cha pazia, yeye alikitazama kidogo tu, akadondosha matone mawili ya nyeusi na moja la njano kwenye kopo la rangi nyeupe, akakoroga, na rangi ikatoka ile ile. Kwa waliotaka kupaka jiko alikuwa na wimbo mmoja. "Weka nyekundu," aliwaambia. "Nyekundu inafungua hamu ya kula. Hata aliyenuna atakula."

Na hakuwa mtu wa kuhubiri asichokifanya. Jikoni kwake ndoo ilikuwa nyekundu, sponji nyekundu, brashi ya kusugulia nyekundu, kizoleo cha taka chekundu, na vitambaa sita vya kufutia vyombo, vyote vyekundu, vimetundikwa kwenye msumari karibu na sinki. Mumewe, fundi wa friji, alisema jiko limekaa kama gari la zimamoto. Lakini aliyasema hayo huku anacheka na mdomo umejaa chakula, kwa hiyo hayakuhesabika.

Mama wa huyo fundi alikuwa amestaafu mwezi uliopita. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa msafishaji wa hospitali, na miaka kumi na tano ya mwisho alikuwa msimamizi wa wasafishaji wote. Huko walimwita Bi Dekio. Inasemekana hata madaktari waliinua miguu akipita na dekio lake, na mganga mkuu mwenyewe aliwahi kurudishwa mlangoni kwa sababu ya viatu vyenye matope. Sasa alikuwa anaishi peke yake katika chumba cha kupanga, magoti yanamsumbua, presha inapanda na kushuka itakavyo. Mwanawe wa pekee alimsihi ahamie kwao. Mama akakubali nusu nusu.

"Nitakuja wiki moja nionje maisha," alisema. "Nikikaa vizuri, nitahama. Nisipokaa vizuri, asinilaumu mtu."

Bi Rangi alilitaka jambo hilo kuliko hata mumewe. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa hajajua kumtofautisha na watu wengine. Alilelewa na shangazi, mwanamke mwema lakini mwenye haraka, ambaye kwake watu walikula wamesimama, kila mmoja kwa wakati wake. Tangu utotoni alikuwa na hamu ya kitu kidogo ambacho wengine hawakioni hata kuwa kitu: ampakulie mama chakula, na mama huyo asogeze sahani na kusema, niongeze. Basi.

Badala yake siku ya kwanza alipata, "Nimeshiba, mwanangu, nilikula njiani." Siku ya pili, "Nimeshiba, tumbo halijatulia." Na siku hiyo ya tatu, baada ya wali na maharage ambayo Bi Rangi aliyasimamia kwa saa mbili kama mtihani, mama mkwe alisukuma sahani kwa adabu na kuongeza neno.

"Jumamosi nitarudi kwangu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Fundi alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, kisha akainama na kula kwa bidii, kama wafanyavyo wanaume wengi mambo yakiharibika mezani.

Ijumaa asubuhi Bi Rangi alikwenda kazini kichwa hakipo. Alimchanganyia mteja mmoja rangi ya kaniki wakati ameombwa rangi ya maziwa. Mwenye duka alimtazama, akamwambia aende nyumbani apumzike. Saa nne alikuwa mlangoni kwake, akaingia kwa kunyata akidhani mama amelala, akaenda moja kwa moja jikoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya sinki. Mikono ya gauni alikuwa ameipandisha hadi kwenye viwiko. Pembeni palikuwa na kipande cha sabuni ya mche, ambacho bila shaka alikuja nacho mkobani, na leso yake nyeupe imelowa maji. Birika lilikuwa linatoa mvuke. Mbele yake kulikuwa na sahani moja, imeng'aa mpaka unaweza kujitazama, na juu yake mkate wa dukani na mayai mawili ya kuchemsha. La tatu lilikuwa mdomoni.

Wakatazamana. Mama mkwe hakuweza kusema kitu, yai halikumruhusu.

"Kumbe njaa unayo," alisema Bi Rangi. "Mama, mimi sijakukosea adabu hata siku moja. Niambie ukweli tu. Chakula changu kina nini?"

Bi Dekio alimeza kwa taabu, akanywa maji, akajipigapiga kifua. Mwanamke aliyemrudisha mlangoni mganga mkuu alikuwa anaona haya kama mtoto aliyekutwa kwenye kopo la sukari.

"Si chakula, mwanangu," alisema. Akaelekeza kidevu kwenye msumari. "Ni vile."

Bi Rangi aligeuka. Msumarini palikuwa na vitambaa tu.

"Vitambaa?"

"Vyekundu. Hospitali kwetu kila rangi ina mahali pake. Kijani ni ya jikoni. Buluu ya wodini. Njano ni ya vyumba vya maradhi ya kuambukiza. Na nyekundu..." Akavuta pumzi. "Nyekundu ni ya choo. Ndoo ya choo, brashi ya choo, kitambaa cha choo. Miaka thelathini na moja! Aliyethubutu kuingia na nyekundu jikoni nilimtimua mimi mwenyewe. Sasa siku ile nafika, nakaa hapo mezani, nakuona unachukua kitambaa chekundu, unafuta sahani, halafu unanipakulia. Nikajiambia, Bi Dekio, leo umekwisha."

"Lakini hivi ni visafi, mama. Navichemsha!"

"Najua. Nimekuona unavichemsha. Kichwa kinajua. Tumbo ndilo limekataa kuelewa."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningeanzia wapi? Mgeni hata viatu sijavua, niseme jiko la mkamwana wangu ni choo? Mngenielewa vipi? Nikaona afadhali nionekane sina njaa, nirudi kwangu kwa amani."

"Na mimi nikaona hunitaki."

Mama mkwe alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nisikutake? Wewe mtoto una wazimu? Maharage yako ya jana, ile harufu ilinifuata mpaka kitandani. Nimegeuka usiku kucha!"

Bi Rangi alipapasa pa kukaa, akaipindua ile ndoo nyekundu na kuikalia.

"Usikalie hiyo!" Bi Dekio alipiga ukelele.

Ndipo walipocheka. Walicheka mpaka mama mkwe akashika sinki na Bi Rangi akaanguka na ndoo yake, na jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna heri. Bi Rangi alijibu kwa sauti kwamba kuna heri, ipo tele, halafu akafuta machozi kwa kiganja. Alipokumbuka wimbo wake wa nyekundu na hamu ya kula, alianza kucheka upya.

Saa tano walikuwa kwenye duka la vyombo la mtaa wa pili. Muuzaji, mzee wa miwani mwenye kalamu sikioni, alitaka kuwasaidia. Baada ya dakika moja alielewa kwamba kazi yake ni kusogea pembeni.

Bi Dekio hakununua kitu kwa macho. Sponji aliiminya na kuiachia, ile iliyochelewa kuinuka akairudisha. Brashi aliikunja nywele zake kwa dole gumba na kusikiliza. Ndoo aliishika mkono wa kubebea, akaining'iniza, akaichezesha. "Mkono ukilia ikiwa tupu," alisema, "ikijaa maji utang'oka." Kitambaa alikivuta uzi pembeni, ukitoka kirahisi basi kitaacha nyuzi kwenye glasi. Kwa sufuria zilizoungua alichagua dodoki la asili badala ya uzi wa chuma, kwa sababu uzi wa chuma humomonyoka na kubaki kwenye chakula.

Bi Rangi alichukua chupa ya sabuni ya maji yenye picha ya waridi. "Hii inanukia maua, mama."

"Mimi sipiki maua. Jiko safi halinuki kitu." Akampa chupa ya kawaida isiyo na mbwembwe. Kisha akashika chupa mbili nyingine, ya siki na ya blichi, akazitenga mbali kwenye kikapu na uso wake ukawa wa kazi. "Hii ya madoa ya chokaa, hii ya kuulia vijidudu. Kila moja siku yake. Usizikutanishe kwenye ndoo moja hata kwa bahati mbaya, mvuke wake unakata pumzi. Kuna msaidizi wangu tulimtoa amebebwa."

Ugomvi pekee ulikuwa juu ya vitambaa. Bi Dekio alichukua rundo la vya kijani bila hata kutazama.

"Hicho hapana," alisema Bi Rangi. "Hicho ni kijani cha chura. Kitaua ukuta wangu wote."

"Kijani ni kijani."

"Mama, dukani kwetu kijani ziko arobaini!"

"Jikoni kwetu ilikuwa moja, na tuliishi."

Walivutana hapo mpaka muuzaji akaleta rundo jingine kutoka stoo, kijani cha majani ya mgomba machanga. Bi Rangi alikubali kwa moyo mmoja, Bi Dekio alikubali kwa kuguna. Vile vyekundu sita, waliamua, vitahamia chooni pamoja na ndoo yao, na kila mtu atakuwa amepata haki yake.

Bi Rangi alikuwa na furaha, lakini kila kitu kilichoingia kikapuni kilimchoma kidogo. Kesho ilikuwa Jumamosi. Tangu wacheke, hakuna aliyekuwa ameigusa habari hiyo. Aliogopa kuuliza. Huenda mama ananunua haya yote kama zawadi ya kuagana, aondoke akijua amemwacha mkamwana kwenye jiko la kueleweka.

Walipofika kwenye glavu za mpira, mama mkwe aliushika mkono wa Bi Rangi, akaupima kwenye kiganja chake mwenyewe, akatoa jozi kubwa. "Hizi zako. Una mikono ya fundi." Halafu akainama tena rafuni, akatafuta kwa muda, akatoa jozi ndogo. Akaivaa palepale, akakunja na kukunjua vidole.

"Na hizo za nani?" aliuliza Bi Rangi, ingawa moyo ulikuwa umeshaanza kwenda mbio.

"Zangu."

"Si unaondoka kesho, mama?"

Bi Dekio alizivua taratibu, kidole kimoja kimoja, akaziweka kikapuni juu ya zile kubwa.

"Kesho nakwenda kufuata kitanda changu," alisema. "Mwambie mumeo atafute gari."

Bi Rangi alimkumbatia palepale katikati ya mafagio, na mzee wa miwani akaona huo ndio wakati mzuri wa kupanga upya sabuni za kule nyuma.

Mchana huo Bi Rangi alipasha wali na maharage ya jana. Sahani zilioshwa upya zote, zikafutwa kwa kijani. Fundi alirudi kula, akakuta jiko limebadilika na wanawake wawili wanachekeana kama waliosoma darasa moja, akavuta kiti, akaketi. Bi Rangi alimpakulia mama mkwe, kisha akabaki amesimama na mwiko mkononi, hathubutu kuketi.

Mama mkwe alikula kama mtu anayelipiza siku tatu. Alipomaliza alifuta sahani kwa tonge la mwisho, akaisogeza mbele.

"Niongeze, mwanangu," alisema. "Na ukoko ukiwepo, usimpe huyo, niletee mimi."