Baba Mkwe Langoni

Mume wangu ndiye mkuu wa polisi wa nchi nzima, na hajui kuendesha gari. Msicheke. Miaka yote hiyo alikuwa akikaa kiti cha nyuma anasoma magazeti, mpaka vita vilipoanza kumaliza watu na dereva wake akavalishwa kombati akapelekwa mpakani pamoja na gari. Tangu hapo dereva ni mimi. Kila asubuhi namfikisha makao makuu kwa kigari changu kibovu, yeye na nyota zake mabegani, magoti yamegusa dashibodi, kisha ndiyo naenda dukani kwangu kuuza vitambaa.

Jeshi lilikuwa limemchukulia nusu ya askari wake. Vituo vingine vilibaki na mtu mmoja na mbwa. Basi akapata wazo, na mwanzoni hata mimi nililisifu: wastaafu wote warudi kazini. Wazee wenyewe walifurahi kama wamealikwa harusini. Wa kwanza kufika kupimwa sare alikuwa baba yake mzazi.

Baba mkwe wangu anaishi nasi. Alistaafu na cheo cha koplo, na wenzake walimwita Koplo Pasi, maana mstari wa suruali yake ungeweza kukata mkate. Alipangiwa lango kuu la makao makuu, zamu ya mchana. Anaondoka mapema kwa miguu, lifti hataki. "Askari hapelekwi lindoni na mkwewe," aliniambia. Sisi tukifika pale, anagonga visigino na kumpigia mwanawe saluti. Siku ya kwanza mume wangu alijikunyata kwenye kiti akajifanya anatafuta kalamu. "Ni utaratibu," akasema, wala sikuwa nimemuuliza kitu.

Sasa, mzee ana tezi dume. Vidonge nampa mimi, na hiyo ni aibu yetu wawili: yeye ananyoosha kiganja huku anatazama ukuta, mimi naviweka huku natazama mlango. Daktari alisema asibane mkojo hata kidogo. Na mume wangu, baada ya lindo moja kukutwa tupu na bunduki kuibwa, alikuwa ametoa amri kwa nchi nzima: askari haondoki lindoni mpaka afike wa kumpokea. Awe anaumwa, awe amebanwa na haja, asubiri. Zamani lango lile lilikuwa na watu wa kupokezana. Siku hizi anasimama mtu mmoja, na wa kumpokea anakuja akipatikana.

Nilimwambia mume wangu tukiwa mezani.

"Baba ataadhirika pale."

"Nikimpendelea baba yangu, kesho kila afisa atamleta wa kwake."

"Sijasema umpendelee. Nimesema kwenye hiyo amri yako weka na choo."

Akacheka. Eti nimemchekesha! Akasema mambo ya ulinzi niwaachie wenyewe, nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu kuwa mke wa mkuu kuna raha zake, sikutaka kuziharibu kwa ugomvi. Bora niseme ukweli.

Siku waziri alipokuja kukagua, mume wangu alisahau miwani nyumbani, nikatumwa mbio kuifuata. Niliporudi, waziri ndiyo kwanza anashuka garini pale langoni, jua la utosini, maafisa wamejipanga, mume wangu mbele yao. Nikaegesha pembeni. Baba mkwe alikuwa lindoni kwake, bunduki ubavuni, kifua mbele. Suruali ilikuwa imelowa kuanzia mapajani mpaka kwenye buti. Chini pametuama kidimbwi, na hakuna mvua iliyonyesha. Mungu wangu, nilitamani ardhi inimeze na gari langu.

Waziri akaona. Bora angekuwa mkali. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotumaliza. Alimsogelea mzee akamuuliza taratibu, lakini watu walikuwa kimya kiasi kwamba sote tulisikia.

"Mzee wangu, umesimama hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, mheshimiwa. Wa kunipokea hajafika."

"Pole sana. Kwani huna watoto wa kukutunza nyumbani?"

Baba mkwe hakugeuza shingo. Mume wangu alikuwa karibu naye, angenyoosha mkono angemgusa. Sema, nikamwomba moyoni. Sema basi, mwanamume wewe, "ni baba yangu," unakufa ukisema? Akatazama ncha za viatu vyake.

Mzee alisubiri. Nina hakika alisubiri, maana na mimi nilikuwa nasubiri. Halafu akainua kidevu.

"Sina, mheshimiwa," akasema. "Sikujaliwa."

Waziri akatikisa kichwa kwa huruma. "Mkuu, mtafutieni mzee huyu suruali nyingine."

"Ndiyo, mheshimiwa," mume wangu akajibu, na wakaingia ndani.

Na mimi je? Mimi mdomo ninao, tena wengine wanasema ninao mrefu. Mabegani nilikuwa na mtandio ambao ungemzunguka kiunoni na kubaki. Nilikaa ndani ya gari nimeshika miwani, naona haya watu wasije wakajua kwamba mzee aliyejikojolea ni wangu. Nilimpa miwani karani mmoja apeleke, nikaondoka kwa njia ya nyuma kama mwizi.

Jioni tulimkuta uani. Suruali ameifua mwenyewe, anaikung'uta maji. Mume wangu akapiga magoti kwenye saruji, na sare yake vilevile.

"Baba, nisamehe. Kesho huendi. Nimeshakuondoa kwenye zamu."

"Mimi peke yangu?"

Mume wangu akanyoosha mkono kuipokea suruali, mzee akaisogeza kando.

"Mwenzangu wa lango la nyuma ana kisukari," mzee akasema. "Jana alilia. Na huko mikoani wako wangapi?"

"Baba, watu sina. Nikiifuta ile amri, malindo yatabaki wazi. Vita hivi, baba, na wewe unaviona."

"Naviona." Mzee akaitundika suruali kambani, akaivuta ncha zake ikae sawa. Kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akanitazama usoni. "Mama, utaniazima pasi. Hii inatakiwa kesho."

Nilimletea pasi. Mwanawe alikuwa bado amepiga magoti, nikampita pembeni kama napita ndoo.

Asubuhi nikampeleka mume wangu kama kawaida. Tulipofika langoni mzee alikuwa pale, suruali imenyooka, visigino vikagongana. Mume wangu akaniambia nisimame. Akashuka. Akavua kofia mbele ya maafisa waliokuwa wakiingia, mbele ya wafagiaji na makarani, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Shikamoo, baba."

Mimi machozi yalinitoka palepale kwenye usukani, nikajua yameisha, tumepona.

Mzee hakushusha mkono wa saluti. Macho yake yalipita juu ya kichwa cha mwanawe, yakaenda barabarani.

"Mtoto sina, afande," akasema. "Hapa namngoja wa kunipokea."

Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi. Mume wangu alibaki amesimama na kofia mkononi, hajui aingie ndani au arudi garini, na mimi sikumwita.