Mkeka wa Jumbandwa

Nchi ya Jumbandwa haikuchorwa, ilisukwa. Katika ukumbi wake mkuu ulitandikwa mkeka mpana uliokuwa ndio nchi yenyewe, ukindu mwekundu kwa milki ya Mfalme Farumbi na mweusi kwa milki ya Mfalme Sukutu, na kila vita vilipokwisha wasusi waliitwa wafumue rangi ya aliyeshindwa, wasuke ya aliyeshinda. Waliokufa hawakuwa na rangi, kwa hiyo hawakusukwa. Mila ilikuwa moja, haina mchezo: neno la mfalme aliyekanyaga mkeka ni sheria, hata kama limemtoka kwa hasira.

Baina yao lilikuwapo bonde la mtama liitwalo Kidimbwi, mkekani ukanda mmoja mwembamba wa ukili usiotiwa rangi. Mtawala wake, Bi Mwandeka, alikuja kwenye baraza la mapatano kuomba bonde liachwe, maana watu wake walikuwa wamechoka kuvuna huku wakikimbia. Wafalme walimcheka. Wazee wa baraza wakauliza nani atawarithi, kwani kwa wivu wa kiti wote wawili walikuwa wamewamaliza ndugu na wapwa zao.

"Nikifa, nchi yangu aichukue huyu wa Kidimbwi," Farumbi akasema, "kuliko Sukutu kupata hata shubiri."

Sukutu hakukubali kupitwa kwa kejeli. "Yangu nayo apewe huyuhuyu."

Bi Mwandeka peke yake ndiye aliyetazama miguu yao. Ilikuwa juu ya mkeka.

Hujafa hujaumbika. Farumbi aliangushwa na farasi akikagua jeshi. Sukutu akapaliwa na nyama katika karamu ya kukifurahia kifo hicho. Tumezoea kusema wapiganapo tembo nyasi huumia. Safari hii nyasi zilirithi tembo, nami sioni haya kusema nilifurahi.

Makabaila wakajaa mkekani, wakisukumana kuapa utii. Wasusi wakamuuliza Bi Mwandeka atatia rangi gani. Alichuchumaa, akaushika mkeka kwenye pindo.

"Fumueni wote."

"Sasa sisi tutasimama wapi, Bibi?" akauliza waziri aliyewahi kuwatumikia wafalme wote wawili.

"Chini. Sakafu ipo."

Akavuta, na waziri akahisi nchi ikimponyoka nyayoni. Furaha yangu ikapungua kidogo hapo, kwani mlangoni wasusi wa Kidimbwi walikuwa wamesimama na matita ya ukindu usio na rangi, mengi kuliko mahitaji ya bonde lao, na hakuna aliyethubutu kuuliza yalikuwa ya nini.