Ubeti wa Karanga

Ti-ting!

Nilikuwa bado nje, kwenye uchochoro wa nyuma, mkono kwenye komeo la mlango wa jikoni, mlio ule ulipopenya mbao: mwembamba, kama kijiko kinachogonga glasi. Nyuma yake ikafuata sauti ya Shangazi, nene, isiyojua mlango ni nini.

"Imefika!"

Kisha mlio mwingine, wa chini, wa kusikitika, kama puto linalotoa pumzi. Kisha kicheko cha Povu.

Nikajua Shangazi amefeli tena.

Nilipoingia nilimkuta amesimama mbele ya rafu ya viungo, ambako tableti ya mgahawa ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Kidole gumba chake, chenye makovu ya moto, kilikuwa bado hewani. Kwenye kioo kulikuwa na uso mwekundu uliokunja midomo, na chini yake maandishi: Jaribu tena baadaye. Povu, mwosha vyombo wetu, jitu la kubeba magunia, alikuwa ameshikilia ukingo wa sinki asianguke kwa kucheka.

"Shangazi, mashine ya watu unaipiga kama unaua mbu!"

"Nyamaza, Povu, mbu wa pili asije akawa wewe."

Yule ni shangazi yangu wa damu, dada mkubwa wa baba, lakini jikoni pale kila mtu alimwita Shangazi, hata wauza mkaa. Ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko la kuchoma. Mimi nilikuwa mhudumu: nilichukua maagizo mezani na kuyasoma kwa sauti kwenye dirisha la jikoni. Kazi ya pili, ambayo hakuna aliyenipa, ilikuwa kutunga mashairi. Hakuna aliyenifundisha vina wala mizani. Nilivisaka mwenyewe, nikavipata, na mtu akivichezea mbele yangu tulikuwa tukionana.

Tableti ililetwa na Meneja. Ndani yake mlikuwa na programu ya kufundisha wafanyakazi wa mgahawa na kupanga zamu zao. Inakuonyesha filamu fupi, inakuuliza maswali kwa sauti, ukifaulu inakupa nyota ya kijani. Nyota za kituo chako cha kazi zikitimia, inakuweka kwenye ratiba yenyewe. Sitasema uongo, tuliipenda. Ugomvi wa nani afanye kazi Jumapili ulikufa kifo cha kimya. Lakini mashine haina shangazi. Bila nyota zote, hakuna kituo.

Shangazi alikuwa na nyota ya visu, ya moto, ya nyama mbichi. Ilibaki moja tu: somo la vyakula ambavyo miili ya wageni wengine inavikataa. Na ratiba ya Jumamosi ilikuwa inafungwa Ijumaa mchana. Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Jumamosi haikuwa Jumamosi ya kawaida. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa, na chakula cha harusi kilikuwa kinaliwa humu humu mgahawani. Tangu binti huyo anaota meno, Shangazi aliapa kwamba kuku wa harusi yake atawachoma kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama wa bibi harusi hukaa mbele, akapepewa," Povu alimwambia.

"Nipepewe huku kuku wanaungua? Huo upepo si bora niupeleke kwenye mkaa!"

Saa ile ile binamu yangu akachungulia mlangoni, mikononi kafumbata mfuko wa mshonaji.

"Mama, kuhusu Jumamosi, nilikuwa nataka..."

"Imefika, mwanangu! Kuku wako nawachoma mwenyewe. Nenda kajaribu gauni."

Binamu alifunga mdomo, akanitazama, akainua mabega, akaenda zake.

Kioo kimnyime mama kuku wa harusi ya binti yake? Sikukubali. Nikavua aproni, nikaenda kwa Meneja. Ofisi yake ilikuwa meza iliyobanwa kati ya friji na stoo, na ukimpigia kelele, friji nalo linatetemeka.

"Dada Meneja, Shangazi ndiye moyo wa jiko hili!"

"Ndiyo maana," alisema, bila kuinua sauti. "Moyo ukikosea, mwili mzima unaumwa. Unamkumbuka yule mteja aliyevimba midomo?"

Nilimkumbuka. Ilikuwa karanga kidogo tu, iliyohama na mwiko kutoka sufuria hadi sufuria. Alipona, lakini jiko zima tulitembea kwa ncha za vidole wiki nzima.

"Sina ugomvi na Shangazi," Meneja akaendelea. "Afaulu, nimweke. Asipofaulu, Jumamosi atakaa na wageni wake."

Nikatoka nimevimba kama maandazi kwenye mafuta ya moto, nikiwa tayari kuitungia tableti ile beti za kuizika nzima nzima.

Lakini adui usiyemjua utamsema nini? Wateja wa mchana walipopungua, nikamwomba Shangazi ajaribu tena, nami nikasimama ubavuni pake nikiangalia. Sauti ya programu ilikuwa ya mwanamume anayesoma kama ana uji mdomoni, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Mgeni anasema hali karanga," ikasema. Ikapumua.

"Imefika!" akaitikia Shangazi, na gumba likatua kwenye jibu la kwanza kabla halijasomwa.

Puto likatoa pumzi.

"Shangazi! Mbona hukungoja majibu?"

"Majibu gani? Kanyamaza, nikajibu. Mtu akusemeshe jikoni, anyamaze, nawe umtumbulie macho? Si dharau hiyo?"

Hapo nikaelewa, na nusura nicheke. Kwetu, kabla ya tableti na hata baada yake, mhudumu husimama dirishani akatangaza agizo, na akivuta pumzi tu, mpishi lazima aitikie: Imefika! Asipoitikia, mhudumu atadhani agizo limeanguka chini. Shangazi ameishi hivyo tangu mimi niko mgongoni. Kwake yeye, kimya ni amri. Somo alilijua. Alichokuwa hajui ni kungoja.

"Ndiyo maana mumeo hajawahi kumaliza sentensi," Povu alisema kutoka kwenye sinki.

"Mume wangu hana sentensi za kumaliza."

"Na binti yako?"

Shangazi akamrushia kitambaa cha mezani, kikamfunika uso wote.

Mimi nilikuwa nimeshatoka mbio. Kama kimya ndicho kinachomponza, basi apewe swali lisilo na kimya! Na nini duniani hakipumui mpaka kifike mwisho, kama si ubeti uliofungwa barabara?

Meneja aliponiona tena akaweka kalamu chini. "Umekuja kunitukana kwa vina?"

"Nimekuja kuikopesha mashine yako sauti."

Nikamweleza. Programu ilimruhusu meneja kubadilisha sauti ya masomo, aweke anayoitaka, na yeye hakuwa amewahi kuifikiria. Alinisikiliza akizungusha pete yake.

"Maswali yabaki yale yale," akasema. "Nitakagua kila mstari. Ukimfichia jibu ndani ya shairi, nafuta lote."

"Mimi ni mshairi, si mwizi."

"Tutaona."

Tulikaa juu ya magunia ya viazi, mimi natunga, yeye anapima. Mstari wangu mmoja, ambao mpaka leo nauona ni mzuri kuliko yote, aliukataa.

"Hapa umemwonyesha jibu."

"Nimelipamba tu!"

"Pamba kwingine."

Nikanuna. Kisha nikausoma tena taratibu, nikaona kweli, nimelivisha jibu la sawa taji kichwani na la kosa nimelivisha gunia. Nikaufuta, nikaanza upya. Jua lilipofika kwenye mapipa ya uchochoroni tukafunga mlango wa stoo, nikarekodi, friji likinipigia ngoma.

Ijumaa asubuhi, kabla mkaa haujakolea, tulikusanyika mbele ya rafu ya viungo. Shangazi alifuta gumba lake kwenye aproni kama mtu anayekwenda kutia sahihi ya ndoa. Povu alifunga bomba. Meneja alisimama kando ya friji, mikono kaikunja kifuani.

Ti-ting! Ikaja sauti yangu:

Mgeni kaja mezani, hali karanga kabisa;
La kwanza, futa sahani, umpelekee sasa?
La pili, anza mwanzoni, vyombo safi bila kosa?
Jikoni mwasema nini? Sasa mwaweza kujibu!

Mstari wa kwanza ulipoisha nilimwona Shangazi akifungua mdomo. Lakini wa pili ulikuwa umeshaingia, hakupata upenyo. Akafungua tena, wa tatu ukamfunga. Kichwa kikaanza kuyumba na mizani, bega la kushoto, bega la kulia. Tulipofika kwenye kibwagizo, jiko zima tulikuwa tumeinama mbele kama watu wanaosukuma gari.

"Imefika!" akanguruma, na gumba likatua. La pili!

Ti-ting, ikajibu mashine, kwa furaha.

Ukaja ubeti wa maziwa, ukaja wa mayai, ukaja wa samaki. Kila kibwagizo sote tulikiimba, lakini jibu tulimwachia yeye. Wa mwisho ulipopita, kioo kizima kikawa kijani na nyota ikachomoza katikati ikizunguka.

Sijui nani alianza kupiga mifuniko. Povu alimnyanyua Shangazi juu, naye akawa anamchapa kichwani kwa koleo ya mkaa, "Nishushe, jitu wewe, utanivunja kabla ya harusi!" Meneja aligeuka akajificha nyuma ya mlango wa friji, ila miguu yake ilionekana chini, na ilikuwa inacheza. Kisha ratiba ikajiandika mbele yetu: Jumamosi, jiko la kuchoma, Shangazi. Hata kwenye mashine aliandikishwa hivyo hivyo.

"Bado una uji mdomoni?" nikaiuliza tableti.

"Usijisifu," Shangazi akasema, akinifuta mkaa shavuni kwa kidole kichafu zaidi. "Ubeti wa samaki ulilegea kidogo." Lakini alikuwa anatabasamu mpaka kwenye gego la nyuma.

Jumamosi ukumbi ulijaa nguo mpya, manukato na watoto waliokwishamwaga soda kabla ya sala ya chakula. Jikoni moshi ulikuwa unapanda mnyoofu, kuku wamejipanga juu ya wavu. Nikachukua agizo la kwanza, nikasimama dirishani.

"Meza ya dirishani, kuku wanne," nikatangaza. Nikavuta pumzi.

Kimya.

Mwili wangu wote ulilingoja lile neno. Shangazi alikuwa amenikazia macho, koleo juu, midomo kaibana. Alikuwa anangoja.

"Mmoja wao hali karanga," nikamaliza.

"Imefika!"

Akaweka koleo kando, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akachukua koleo nyingine, sahani nyingine, na kuku ambaye mchuzi wa karanga haujamsogelea. Meneja aliona yote akiwa mlangoni. Aliweka tu kiganja kifuani.

Nyuma yake akatokea binamu yangu, gauni lake kalikunja mikononi lisiguse sakafu. Povu akafunga bomba mwenyewe, bila kuambiwa.

"Mama," akasema binamu, "nilikuwa nataka..."

Akanyamaza, kwa mazoea, akisubiri kukatizwa.

Shangazi alifungua mdomo. Akaufunga. Mafuta yalidondoka kwenye mkaa, yakachemka, na hakuna aliyegeuka kuangalia.

"Nilikuwa nataka ukae kando yangu," binamu akaendelea, polepole, kama mtu anayekanyaga daraja jipya. "Kuku umewachoma, wageni wanakula, wanajilamba. Sasa nataka nawe ule, na mimi nikiwa ninakuona. Nimekuwa nikitaka kukwambia siku zote hizi."

Shangazi alingoja bado kidogo.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama."

"Imefika," akasema, na safari hii hakupaza sauti. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akasingizia moshi, akainua koleo juu kama anayekula kiapo. "Nisikilize na wewe mpaka mwisho. Hawa wa mwisho wakiiva, nampa Povu koleo aioshe, nakuja na aproni yangu hii hii, nakaa kando yako, nakula, na siinuki hata ukumbi wote uite Shangazi. Nakuahidi."