Kitenzi cha Kufika ni Muhula Ujao

Ifahamike kwa vizazi vyote kwamba shule yetu ya bweni ndiyo ya kwanza duniani kufundisha Kirusi kwa vitendo. Sababu yenyewe ni ndogo: mwalimu wa kilimo alihama, na aliyepatikana kujaza vipindi vyake alikuwa fundi mitambo mstaafu aliyesomea ufundi kwa Kirusi.

Jumatatu Mwalimu aliandika ubaoni *hozhu*, yaani naenda na kurudi. Darasa zima likatamka. Darasa zima likainuka, likazunguka uwanja wa mpira mara moja, likarudi kuketi. Jumanne akaandika *idu*, yaani niko njiani, naenda upande mmoja. Walipotamka, wakapita ukutani, kila mmoja akielekea alikotaka. Kengele ilipolia walijikuta madawatini, soksi zimejaa vumbi. Mkuu wa shule alichungulia dirishani akalalamika kwamba sakafu ilipigwa deki asubuhi hiyo hiyo.

Msichana aliyeitwa Kifutio, kwa kuwa hakuacha kosa hata moja daftarini, alikuwa ameelekea hospitali. Mama yake angepasuliwa moyo Alhamisi.

"Nimeliona paa la wodi, Mwalimu," alisema. "Kila nikipiga hatua, linabaki palepale."

"Kitenzi hicho hakifiki, binti. Kazi yake ni kwenda tu. Kipo cha kufika, safari ikaisha kabisa, lakini silabasi imekiweka muhula ujao."

"Muhula ujao mama yangu atakuwa wapi?"

Mwalimu akafuta ubao, ingawa haukuwa na kitu.

Ofisini Kifutio alishakwenda mara tatu. Fomu ya ruhusa ilitaka sahihi ya mzazi, itiwe mbele ya Mkuu. Baba alikwisha kufariki.

"Mama yako aje, atie sahihi, nawe uondoke," Mkuu alimwambia.

"Mkuu, yeye ndiye mgonjwa."

"Basi aje polepole."

Jumatano alasiri, Mwalimu alisahau kitabu chake mezani. Jirani wa dawati wa Kifutio, mwanafunzi mwenye akili nyingi na adabu ya kupigiwa mfano, alikifunua kwa nia njema ya kukitunza. Alhamisi asubuhi neno *prishla*, yaani nimefika, lilikuwa ubaoni kwa herufi kubwa. Mwalimu aliingia, akavua miwani, akaanza kuipangusa.

"Mimi bila miwani sioni kitu," alitangaza.

Mkuu, aliyekuwa nyuma yake, aliona.

"Wewe, Kifutio. Futa hilo neno."

Kifutio alikwenda ubaoni, akaokota dasta, akamwekea Mkuu mkononi.

"Futa wewe, Mkuu. Mimi nasoma."

Akalisoma kwa sauti. Dasta ikabaki mkononi mwa Mkuu, na mbele yake hapakuwa na mtu.

Mama alikuwa juu ya kitanda cha magurudumu, mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Alimtazama binti yake aliyetokea ubavuni pake na sare na chaki vidoleni.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Nani kakuruhusu?"

"Hakuna, mama."

"Basi nishike vizuri."

Akamshika mpaka wauguzi waliposukuma kitanda ndani, kisha akakaa kwenye benchi kwa muda wa saa sita, mpaka walipomtoa akiwa anapumua.

Kifutio alirudi shuleni kwa basi kesho yake na fomu iliyotiwa sahihi, sahihi yenyewe imepinda kidogo kwa sababu ya dawa ya usingizi. Mkuu aliisoma pande zote mbili. Akasema sahihi ni halali, ila haikutiwa mbele yake. Akamwandika mtoro na kumpa wiki mbili za kufyeka nyasi. Kitenzi cha kufika kikaondolewa kwenye silabasi. Fomu haikubadilishwa, zilichapishwa nyingine mia mbili.

Kifutio anafyeka nyasi kichwa juu, na akiulizwa kama anajuta husema angerudia hata kesho.

Sasa Mkuu anakusanya madaftari yote ili alinganishe mwandiko na ule wa ubaoni. Yuko dawati la tatu, na hili ninaloandikia ndilo linalofuata. Basi niseme kabla hajafika: yule jirani wa dawati ni mimi. Adabu niliiongeza mwenyewe. Neno nililiandika mimi, kwa chaki ya shule, na leo asubuhi nimewafundisha kidato cha kwanza wote.