Mageti ya Mzee Mbwana

Mwaka ule wa themanini na saba mbuzi wa jirani Ngala waliingia shambani kwa Mzee Mbwana, huko Timbwani, mara ya tano, wakaila miasumini ya mkewe mpaka mashina. Mwanatatu, ambaye vikuba vyake vya maua vilipamba maharusi wa nusu ya Likoni, hakupiga kelele. Alitia kanga zake kapuni akaenda kwa kaka yake kule Mtongwe, akasema atarudi siku mbuzi watakapozuiwa. Mbwana alijipikia siku tatu. Siku ya nne, wali ukiwa mchele juu na mkaa chini, alimwita fundi.

Fundi Phineas alikuwa mtu wa bara, mwepesi wa hesabu. Alipima akaandika nyuma ya pakiti ya sigara: mzunguko mita mia na ishirini, nguzo arobaini, waya wa chenlinki roli saba, saruji mifuko minane, geti moja.

"Ati geti moja!" akasema jirani, Bi Dhahabu. "Na mnazi wangu ule n'taufikiaje? Niruke?"

"Kwani shamba si la mzee?"

"Shamba lake, mnazi wangu. Nimeurithi kwa mamangu."

Phineas alimtazama Mbwana, akitumaini atakana. Mbwana akaitikia kinyonge. Pwani ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na mwenye mti hazuiliwi njia.

Geti la pili. Akaja Faki na minazi yake miwili, huu mashariki, huu magharibi. Kupita geti la Bi Dhahabu hataki, wamenuniana tangu arusi ya mwaka juzi. La tatu, la nne. Ngala naye, mbuzi wakimfuata, akakumbusha mfenesi wa babuye. La tano. Kila geti lilipunguza waya kidogo na kuongeza nguzo mbili nene.

"Mzee," akasema Phineas, "hapa sioni ua. Naona mageti tu, na kila mmoja ataliacha lake wazi."

Mbwana akawaza, kisha akaruka. "Basi tuwazungushie mbuzi wenyewe!"

Nyuma ya nyumba ya Ngala: mita kumi na sita, roli moja, nguzo sita, geti moja. Ngala alikubali upesi, waya wa bure nani aukatae? Phineas alikuwa akipiga mstari chini ya hesabu Mbwana alipojisikia akisema, "Na mnazi wangu?"

Maana katikati ya zizi ulisimama mnazi wa Mbwana, na kwa miaka ishirini hakumwachia Ngala hata kidaka cha nazi. Bi Dhahabu alicheka mpaka akakaa chini. Phineas, bila kuulizwa, akaandika geti la pili.

Mbwana aliutazama mnazi ule. Ulimuuma, kwa kuwa ulikuwa wa nyanyake. Lakini nyumba isiyo na Mwanatatu ilimuuma zaidi.

"Uchukue, Ngala. Bi Dhahabu shahidi. Fundi, futa hilo geti."

Akaenda kuvaa kanzu safi, akashika njia ya Mtongwe kabla hata waya haujanunuliwa.