Herufi Alizozichagua Sirad

"Nataka herufi hizi," Sirad alisema, akamkabidhi Kavutha karatasi. "Tovuti yote, kutoka mwanzo hadi mwisho."

Kavutha aliitazama ile karatasi. Ilikuwa imechapwa kwa wino wa zambarau, "Sirad Mavazi ya Harusi, Majengo," na herufi zenyewe zilikuwa za Comic Sans, zile nene za mviringo zinazokaa kama zimeandikwa na mtoto kwa kalamu ya rangi. Kila aliyesomea usanifu wa tovuti na matangazo anaijua fonti hiyo. Kavutha alipokuwa chuoni, mwalimu aliiweka ukutani kwa projekta, darasa zima likacheka, naye akacheka pamoja nao kabla hata hajaelewa kinachochekesha. Tangu siku hiyo hakuwahi kuitumia.

"Umeipata wapi, Mama Mumin?" aliuliza. Watu wote wa pale Majengo walimwita hivyo, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Pale saiba, kwenye kompyuta za kukodi. Nilimwambia mhudumu anionyeshe herufi zote zilizomo kwenye mashine yake. Alichoka yeye, mimi sikuchoka. Hii ilipotokea nikamwambia, simama hapo hapo."

Kavutha aliikunja karatasi taratibu akaitia mkobani. Hakutaka kubishana siku ya kwanza, na zaidi ya hayo alimheshimu mno huyu mama. Kazi nyingine zote alizozipata, za zahanati, za kanisa, za maduka ya vifaa vya ujenzi, zilikuja zenyewe. Hii ya Sirad aliitafuta. Mwaka uliotangulia alialikwa kwenye harusi ya rafiki yake, akamwona bi harusi akiingia ukumbini kwa gauni la rangi ya maziwa lenye nakshi za dhahabu zilizopanda kutoka kwenye pindo kama mmea. Alilisogelea na kutafuta uzi uliolegea, hakuuona. Aliuliza fundi ni nani, akaelekezwa kwenye chumba kimoja juu ya duka la mikeka huko Majengo, penye vyerehani vinne na mwanamke mrefu aliyevaa miwani ya kusomea juu ya hijabu.

Aliporudi nyumbani kwake mtaani Donholm alimpigia simu Kabiru, waliyesoma naye, ambaye siku hizi alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya matangazo mjini.

"Manze, Comic Sans?" Kabiru alicheka mpaka akakohoa. "Kwa nguo za harusi? Kavu, usithubutu. Wasee tuliosoma nao watakuongelea mpaka uzeeke."

"Lakini ndiyo anayoitaka."

"Mteja hajui anachotaka. Mpe kitu kizuri, akikiona atasahau."

Maneno hayo yalimwingia Kavutha kwa sababu ndiyo aliyotaka kuyasikia. Alichagua fonti nyembamba, ndefu, yenye mikia midogo kwenye ncha, aina inayoonekana kwenye majarida ya mitindo. Akaacha nafasi nyeupe pana. Akapanga picha za magauni moja moja kama michoro kwenye jumba la maonyesho. Alipomaliza aliegemea kiti, akaitazama kazi yake na kuipenda sana.

Alhamisi alirudi Majengo na kompyuta yake. Sirad alivuta stuli, akashusha miwani, akatazama. Alipitia kurasa zote moja moja, huku mafundi wake wawili wakichungulia nyuma ya bega lake.

"Ni nzuri," alisema mwishowe. "Ni ya nani?"

"Ni yako, Mama Mumin."

"Hapana. Hii ni yako." Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayemrudishia mwenzake mwavuli aliousahau. "Uliniuliza nataka nini, nikakwambia. Sasa kama ulikuwa na jibu lako tayari, uliniuliza ya nini?"

Kavutha aliona haya. Alieleza kwamba wasanifu wengi hawaipendi ile fonti, kwamba huonekana ya kitoto, kwamba alitaka kazi ya Sirad ipewe uzito unaostahili. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Pengine ungeniambia sababu ya kuipenda. Ningeelewa."

"Lazima kuwe na sababu?" Sirad alimtazama miguuni. "Umeingia hapa na viatu vya manjano. Nimekuuliza sababu?"

Mafundi waliangua kicheko, na Kavutha naye, bila kutaka, akacheka.

Kabla hawajaendelea, mlango ulisukumwa akaingia msichana mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuja na picha kwenye simu. Alijitambulisha kuwa Khalayi, anakaa mtaa wa Mowlem, ataolewa mwezi ujao. Alitaka gauni la rangi ya chungwa lililoiva, lenye mikono ya puto, na mgongoni ua kubwa la kitambaa, kubwa kama sinia.

Kavutha aliitazama ile picha akajisemea moyoni, sasa tutaona. Alijua kuwa Sirad mwenyewe hupenda rangi tulivu. Magauni yote aliyoyatundika ukutani yalikuwa ya maziwa, ya samli na ya waridi lililofifia. Alingoja Sirad amgeuze nia yule msichana polepole, kama mafundi wengi wanavyojua kufanya.

Sirad aliishika simu akaivuta picha ikawa kubwa. "Hili ua," alisema, "ukikaa kanisani litabanwa na kiti. Ukisimama litakuwa limelala. Nakuambia mapema ili usije ukanilaumu."

"Najua, mama, lakini ndilo ninalolipenda zaidi," Khalayi alijibu. "Nimeliota tangu nikiwa darasa la sita."

"Basi litakuwepo."

Hakurudia tena. Alichukua tepu akaanza kumpima, kifua, kiuno, mkono, akiitamka kila namba kwa fundi aliyekuwa akiandika. Halafu alikata kipande cha karatasi akakikunja kuwa ua, akalishika kwenye mgongo wa Khalayi, akalishusha kidogo, akalipandisha, akarudi nyuma kutazama, akalishusha tena. Aliita fundi alete vishikizo vya kubana. "Tutalifunga kwa hivi," alimweleza Khalayi. "Ukitembea, ua liko. Ukitaka kukaa, msimamizi wako analitoa kwa mkono mmoja, ukisimama analirudisha. Na bitana ya mikono tutaifanya nyepesi, usije ukatokwa jasho kwenye picha." Alitoa vitambaa vya chungwa vya aina tatu, akavipeleka dirishani kimoja kimoja na kuviweka kwenye shavu la yule msichana, mpaka akapata kimoja kilichoung'arisha uso wake. Hata Kavutha alikiona. Rangi ambayo kwenye simu ilikuwa kelele tupu, pale dirishani ilimkaa Khalayi kana kwamba alizaliwa nayo.

Khalayi alipoondoka, Kavutha aliuliza, "Wewe mwenyewe unalipenda gauni lile?"

"Mimi sitalivaa."

"Lakini watu watauliza nani amelishona."

"Waulize. Wataligeuza waangalie ndani, na ndani nimo mimi. Rangi ni ya bi harusi, mshono ni wangu." Sirad alianza kuzikusanya chaki zake za kuchorea kitambaa. "Nimesema neno langu mara moja kuhusu lile ua. Zaidi ya mara moja ningekuwa namwambia hajui kuota. Hilo si kazi yangu."

Kavutha alikaa akimtazama mwanamke yule akivikunja vile vitambaa, na heshima aliyokuja nayo ikawa ya namna nyingine. Mikono ile alikuwa akiistahi kabla hajamjua mwenye mikono. Sasa alimstahi mwenyewe.

Kesho yake asubuhi alifuta ile fonti nyembamba na kuiweka Comic Sans. Kwa mara ya kwanza tangu chuoni aliitazama bila kucheka. Aliona kwamba herufi zake hazikuwa na majivuno. Ile "e" imeinama kidogo, "a" imefumbata tumbo lake, na hakuna herufi inayoweza kudhaniwa nyingine. Aliona na kasoro zake pia. Nafasi kati ya herufi hazikulingana, na maneno mengi yakikaribiana yalionekana kama watu waliobanana mlangoni. Basi akazitenganisha kwa mkono, jozi kwa jozi. Akapunguza maneno. Badala ya zambarau kali ya ile karatasi alijaribu zambarau iliyokolea, ya bilinganya, juu ya rangi ya maziwa, na jina Sirad akalifanya kubwa mpaka likajaa upana wa ukurasa. Likatabasamu. Hakuwa na neno jingine la kulielezea.

Jambo moja tu lilimsumbua. Alimpigia Sirad. "Mama Mumin, nina neno moja, nalisema mara moja. Ile sehemu ya vipimo ina maandishi madogo. Kwenye simu ndogo herufi zako zitachosha macho. Naomba hapo tu niweke nyingine."

"Vipimo si vya kupendeza, ni vya kusomeka," Sirad alisema. "Hapo weka unavyojua wewe."

Tovuti ilipofunguliwa, Sirad aliisoma kwa sauti mbele ya mafundi wake, hata yale maneno ya chini kabisa, kisha akairudia. "Sasa hii ni mimi," alisema, akamshika Kavutha bega na kulibana.

Kabiru alipiga simu wiki iliyofuata. Wakati huo Kavutha alikuwa Majengo tena, ameketi na mzee Jimale, mwuza manukato aliyeelekezwa kwake na Sirad, naye pia akitaka tovuti.

"Kavu, nimeiweka tovuti yako kwenye grupu letu la wasanifu. Wasee wamecheka sana."

"Wamefungua ukurasa wa magauni?"

"Wamefungua."

"Wakasemaje?"

"Mmoja anauliza kama fundi anapokea kazi za Desemba. Dadake anaolewa. Lakini ile fonti, Kavu, mimi bado siipendi."

"Si lazima uipende," Kavutha alisema. "Mpe namba, iko pale juu kabisa." Alikata simu, akamgeukia Jimale. "Samahani, mzee. Ulikuwa unaniambia kuhusu herufi."

"Naam. Nataka zile zilizochakaa kingo, kama karatasi iliyoliwa na mchwa," Jimale alisema, akijikuna kidevu. "Wanangu wanasema ni mbaya."

Kavutha aliijua hiyo fonti pia, na namna ilivyochekwa. Alivuta kiti karibu zaidi.

"Nionyeshe," alisema. "Na uniambie ni neno gani ungependa watu walione kwanza."