Shimo Likiita

Kama Wangwe angeiba siku nyingine yoyote, watu wa machimbo ya Osiri wangemzaba makofi, wangemtoza mbuzi, na jioni angekula nao nyama ya mbuzi huyo. Lakini aliiba siku ambayo shimo lilikuwa limewafukia wachimbaji. Wenzake walikuwa chini wakifukua kwa mikono. Yeye akabaki juu, akajitwika gunia la mawe ya dhahabu la mchimbaji mwenzake, Zablon, akatokomea. Kule machimboni, shimo likiita, yaani likiporomoka na filimbi ikalia, kila mtu hukimbia na kila kitu huachwa kilipo, hakiguswi. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, na hakuna aliyekuwa ameivunja mpaka Wangwe.

Sasa hakimu mjini Migori alitaka kujua amfunge, au amwache atumikie adhabu nje ya jela. Aliyetumwa kumchunguza alikuwa Mourine, ofisa mpya wa probesheni kutoka Homa Bay, mwenye stashahada ambayo wino wake ulikuwa haujakauka.

"Chagua sababu moja," mkubwa wake, Bwana Makori, alimwambia. "Umaskini, marafiki wabaya, au malezi. Hakimu hataki githeri, mahindi na maharage chungu kimoja."

"Na kama ni zote?"

"Basi andika tamaa, twende tukale."

Sababu zenyewe Mourine alizijua. Chuoni walifundishwa kwamba mtu huiba kwa kuwa dunia imemwonyesha mali kisha ikamfungia mlango. Kwamba wizi hufunzwa, mjuzi kwa mwanagenzi, kama kusuka nyavu. Kwamba mtu akiitwa mwizi miaka nenda miaka rudi, mwisho hulivaa jina hilo kama shati. Zote zilimwenea Wangwe. Alihama kisiwa cha Mfangano samaki walipoadimika, akalala chumba kimoja na walevi, na tangu utotoni aliitwa mkono mrefu. Ila Osiri nzima ilikuwa na shida zizo hizo, na Osiri nzima ilikuwa shimoni siku ile. Hapo ndipo elimu yake ilipokwama. Moyoni alikuwa ameshakata shauri: huyu ameumbwa na upungufu, aende jela.

Alimkuta Orpah, dada yake Wangwe aliyemlea, ameinama juu ya karai, akisukasuka mchanga na zebaki ili dhahabu ishikamane.

"Umekuja kuuliza kwa nini aliiba," Orpah alisema bila kuinua uso. "Polisi ameuliza, pasta ameuliza. Mama mkwe wangu yeye hakuuliza, anajua. Anasema ni jina. Tulimpa la babu yetu, na babu aliiba ng'ombe mpaka Ogwedhi."

"Na wewe mama, unasemaje?"

"Tulikula ugali kutoka sufuria moja. Mimi siibi. Nieleze wewe uliyesoma."

Mourine hajafungua kinywa, filimbi ikalia.

"Shimoni kwa Zablon," Orpah alisema kwa sauti ndogo, na papo hapo akawa anakimbia, peku, kandambili zake zikabaki zimeelekeana.

Eneo zima likahama. Waliokuwa wakiponda mawe, waliokuwa wakiuza chai, wote walikwenda. Mourine akabaki katikati ya makarai yaliyo wazi, jua likiyapiga, kimya kimetanda kama kanisani. Miguuni pake, ndani ya karai la Orpah, kidonge cha dhahabu, sawa na punje ya mahindi, kiling'aa majini.

Mkono wake ulikwenda.

Hakuutuma. Hakuwa na njaa, hakulala na walevi, hakuna aliyewahi kumwita mwizi. Vidole viligusa maji, vikahisi ubaridi wake, kisha vikarudi, navyo hakujua ni nani aliyeviita. Alisimama akiutazama mkono ule kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Zablon alitolewa hai, tope tupu, mkono mmoja unaning'inia. "Mke wangu atakasirika," alisema. "Alishaanza kuchagua suti ya kunizikia." Watu wakacheka.

Orpah alirudi, akaketi, akaanza kulisukasuka karai. Hakutazama kama kidonge kipo.

"Mama," Mourine alisema, "nilinyoosha mkono."

Orpah alisimamisha karai. "Ukaurudisha."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Haya," Orpah alisema taratibu. "Tuko wawili tusiojua."

Mourine akamwendea Zablon, aliyekuwa akifungwa mkono kwa leso, akamuuliza kama Wangwe anaweza kurudi hapo.

"Arudi afukie mashimo ya zamani," Zablon alisema. "Na shimo likiita, atangulie yeye kuingia. Ana mikono kama koleo, mjinga yule."

Hivyo ndivyo Mourine alivyopendekeza mahakamani.

"Una hakika hatarudia?" hakimu aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Hata mkono wangu sina hakika nao."

Nyuma yake Bwana Makori alijifunika uso. Hakimu alimtazama Mourine, kisha akamtazama Wangwe, akaandika: Osiri.

Mourine ndiye aliyempeleka. Watu waliacha kuponda mawe. Orpah hakumkumbatia ndugu yake wala hakumtukana. Aliweka karai mbele yake, kidonge kikiwa ndani, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji, asigeuke.

Wangwe akaketi. Polepole akaisogeza mikono yake miwili, akaikalia. Akabaki hivyo mpaka dada yake aliporudi.